Mama Siri na Nesi

Mtaa wa mafundi simu ulikuwa umefurika watu kama kila Jumamosi. Spika ziligombana mlango kwa mlango, wauza chaja waliwavuta wapita njia mikono, na moshi wa risasi ya kuchomelea ulichanganyika na marashi ya wasichana waliokuwa wakichagua vifuniko vya simu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mrefu, gauni lake la zambarau likimkaa vizuri, miwani ameipandisha juu ya nywele, akisubiri fundi ambadilishie kioo cha simu.

Mbele yake alikuwepo mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Kifuani alibana saa ndogo iliyoning'inia kichwa chini, kama wafanyavyo wauguzi. Simu yake aliishika kwa mikono miwili, kana kwamba inaweza kuumia.

"Imezima haiwaki," alimwambia fundi. "Na ndani kuna mahojiano. Watu wamenieleza mambo yao humo. Fanya ufanyavyo, yatoke salama."

"Iache, kaka. Upite jioni. Niandikie hapa na namba ya kuifungulia."

Mwanamume akachukua kalamu.

"Usithubutu!"

Vichwa viligeuka. Yule mwanamke naye nusura ageuke kumtafuta aliyepiga kelele, mpaka akagundua kwamba ni yeye mwenyewe.

"Samahani, dada," mwanamume alisema. "Tunafahamiana?"

"Hatufahamiani. Lakini hao waliokueleza mambo yao nao hawamfahamu huyu fundi. Uliwaambia kwamba sauti zao zitalala sokoni, na namba ya kufungulia juu yake?"

Fundi akanuna. "Dada, mimi hapa nina jina langu."

"Na ni jina zuri, kaka yangu, ndiyo maana nimekuletea yangu. Ila yangu imejaa picha za paka wa mama. Hata ukiziona zote, hakuna atakayelia."

Mwanamume alicheka. Alikuwa na kicheko cha chinichini, cha mtu aliyezoea kucheka karibu na waliolala. "Basi nifanyeje?"

"Mwombe aitengeneze mbele yako, uingize namba kwa mkono wako. Rekodi zikishatoka, ziweke penye ulinzi, halafu uzifute kwenye simu."

"Mchana wangu wote utaishia hapa."

"Na wao walikupa muda gani?"

Kicheko kilimwisha. Akavuta kigoda, akaketi. Mwanamke naye alichukua simu yake, akalipa, akaondoka bila kuaga, mashavu yakimwaka kwa aibu. Amekuwa lini mtu wa kufokea wanaume asiowajua barabarani?

Hata hivyo kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Chuo kikuu kilikuwa kimemkabidhi kozi iliyowapasa wanafunzi wote wa uzamili na uzamivu: jinsi ya kutunza data za utafiti kwa uadilifu. Namna ya kumwomba mtu ridhaa kabla hujamuuliza neno. Namna ya kuficha utambulisho wake, kuhifadhi maneno yake, na kujua lini uyafute. Wengi waliingia darasani wakipiga miayo, wakidhani watafundishwa kupanga mafaili. Lakini mwanamke huyu alifundisha kana kwamba kila faili lina roho ndani, na nyuma ya mgongo wake wanafunzi walimwita Mama Siri. Alikuwa analijua jina hilo, na moyoni alilipenda.

Kundi jipya lilipoanza, katika chumba cha juu cha maktaba chenye feni inayolalamika, Mama Siri aliingia na kumkuta mtu wa shati jeupe ameketi mstari wa mbele kabisa, ametulia tuli.

"Mwalimu," alisema, akijitahidi kutotabasamu, "rekodi zilitoka salama."

Wenziwe walimwita Nesi. Alikuwa muuguzi katika hospitali kubwa ya mji na alikuwa akisomea uzamili. Utafiti wake ulihusu wanaume wanaouguza wagonjwa wao nyumbani. Aliuliza maswali yenye kichwa na miguu. Siku ambayo Mama Siri aliandika ubaoni, "Mwanamume, mfinyanzi, ana mapacha, anatembelea gongo," kisha akauliza kama wanamjua mtu huyo, darasa zima lilijibu hapana, maana hapakuwa na jina. Nesi peke yake alinyoosha mkono.

"Mtaani kwake wanamjua. Kuna wafinyanzi wangapi wenye mapacha na gongo?"

"Hasa," alisema Mama Siri. "Jina ni kitu kidogo sana katika mtu. Ukilitoa, mtu bado amesimama palepale. Kwa hiyo nisisikie mtu ananiambia, 'Lakini Mwalimu, sikutaja jina.' Humu ndani huo si utetezi."

Jioni moja Nesi alimngoja kwenye ngazi. "Mwalimu, kuna duka la juisi ng'ambo ya geti."

"Nalijua."

"Nilikuwa nafikiria, mtu akienda peke yake pale anaonekana mpweke."

"Mimi ndiye ninayetia sahihi kwamba umemaliza kozi," Mama Siri alijibu, akikaza uso. "Kwa hiyo upweke huo uuvumilie."

"Kozi ikiisha?"

"Ikiisha, mimi si mwalimu wako. Nitakuwa mtu tu, mwenye kiu zake."

Akavumilia. Siku ya kipindi cha mwisho, sahihi ikiwa bado mbichi kwenye karatasi, Nesi alikuwa tayari mlangoni na mwavuli, ingawa mvua yenyewe haikunyesha.

Mapenzi yao yalikua mchana kweupe, kwa sababu ya zamu. Walikula pamoja wakati wengine wako kazini, wakatembea bustani ya manispaa huku watoto wa shule wakikimbia kupishana nao. Simu zilipigwa kila Nesi alipopata nafasi ya kupumua wodini.

"Unafanya nini, kipenzi?"

"Nasahihisha. Na wewe?"

"Nimejificha stoo ya mashuka. Nimetoroka kuja kusikia sauti yako."

"Rudi kwa wagonjwa, wewe!"

"Mgonjwa ni mimi. Niandikie dawa."

"Sina dawa. Nina juisi ya pasheni, saa za kutoka."

"Hiyo hiyo, asubuhi na jioni."

Mama yake Mama Siri, aliyekuwa akiishi naye pamoja na paka mnene, alianza kumtania kwamba siku hizi anachambua mchele huku anacheka peke yake.

Jumapili moja, kwenye benchi la bustani, Nesi alianza kuchezea saa yake ya kifuani.

"Hujaniuliza kwa nini nilichagua utafiti huu," alisema.

"Nilingoja uniambie."

"Wodini nimewaogesha baba za watu na mama za watu, sioni tabu. Mama yangu alipougua akawa hawezi kuinuka, nilichukua beseni, nikafika mlangoni mwa chumba chake, nikashindwa kuingia. Nikamwambia mdogo wangu nimeitwa zamu. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Sikuwa na zamu yoyote. Nilikuwa nakwenda stendi nakaa, natazama mabasi yanavyoingia na kutoka. Mdogo wangu alimwogesha peke yake mpaka siku ya mwisho. Alinihurumia kwa kazi nyingi. Mpaka leo hajui."

Mama Siri alimshika mkono.

"Nitamwambia," Nesi alisema. "Nikipata nguvu. Naye amejiunga chuo mwaka huu, uzamili, idara ya elimu. Nilidhani akiwa karibu itakuwa rahisi, kumbe wapi."

Neno hilo la mwisho, kwamba mdogo wake amejiunga chuo, lilipita masikioni mwa Mama Siri kama upepo. Alikuwa anamtazama usoni yule anayempenda, akafikiri jinsi alivyobeba mzigo mzito muda mrefu.

Kundi lililofuata lilikuwa gumu. Walikuwa wengi, chumba kilikuwa cha moto, feni ilikuwa imekata tamaa kabisa. Mfinyanzi wa ubaoni hakumgusa mtu. Nyuma walikuwa wakionyeshana video. Mama Siri aliyahisi maneno yake yakianguka sakafuni moja moja, na kwake yeye hakukuwa na kitu kibaya kuliko hicho.

"Haya, tuache mfinyanzi," alisema. "Niwape mtu wa kweli."

Akawapa. Hakutaja uuguzi, hakutaja utafiti. Alisema tu kuna mtu, tuseme anafanya kazi za zamu, aliyeshindwa kumwogesha mama yake mgonjwa. Kwamba alimdanganya ndugu yake ameitwa kazini, kumbe ameketi stendi anatazama mabasi. "Mtu akikwambia jambo kama hili," aliwauliza, "amekukabidhi nini?"

Chumba kilinyamaza kimya. Simu zilishuka. Mama Siri aliuona ukimya ule, na Mungu amsamehe, akajisikia fahari. Ndipo msichana mmoja aliyejifunga kilemba cha njano, karibu na dirisha, akainuka, akakusanya vitu vyake kwa haraka na kutoka. Mama Siri alidhani joto limemzidi.

Simu ya Nesi iliingia kabla hajafika nyumbani.

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi kwanza. Mdogo wangu yuko kwangu hapa, amesimama katikati ya nyumba, hataki hata kukaa. Ananiuliza kama ni kweli nilikuwa nakaa stendi. Jirani aliwahi kumwambia ameniona kule, yeye akamgombeza jirani wa watu kwa kunizulia. Leo amelisikia tena. Darasani."

Mama Siri aliegemea ukuta wa duka lililokuwa karibu. Kilemba cha njano kilimpita machoni.

"Sikutaja jina," alisema.



"Hayo maneno," Nesi alisema taratibu, "wewe ndiye uliyetukataza, Mwalimu."

Hakuwa amemwita Mwalimu tangu kozi iishe. Akakata.

Mama Siri alipiga, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine mfupi: "Nimekukosea. Sina utetezi." Ulisomwa, haukujibiwa.

Mama yake alimkuta jikoni ameshika tama, sufuria inaungua mbele yake.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Nimemkosea mtu, mama."

"Yule wa saa kifuani? Umemkosea nini?"

"Hicho siwezi kukwambia. Kukisema ndiko nilikomkosea."

Mama yake alimtazama kidogo, akazima jiko, akamvutia kiti.

Asubuhi Mama Siri alikwenda kwa mkuu wa kitengo chake, mzee wa suti za kijivu aliyependa kanuni kuliko chai, akamweleza kwamba ametumia habari za mtu darasani bila ridhaa yake. Habari zenyewe hakuzirudia.

"Alikuwa mshiriki wa utafiti?" mkuu aliuliza.

"Hapana. Alinieleza kama mtu wake."

"Basi hakuna kanuni uliyoivunja."

"Najua, mkuu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nimekuja nikijua hakuna atakayenileta."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akasema haoni wa kumpa lile darasa, ila anaona cha kufanya nalo. Na alivyomtazama, Mama Siri alielewa kwamba anatakiwa akakiri mbele ya wanafunzi wale wale.

Kipindi kilichofuata alisimama mbele ya kundi lile lile. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe isiyo na urembo wowote, na hakushika chaki.

"Mara ya mwisho niliwasimulia habari ambayo haikuwa yangu," alisema. "Mwenyewe hakunipa ruhusa. Niliacha jina nikadhani nimemficha yeye, kumbe nilijificha mimi. Nawaomba msiirudie popote, kwa wema wala kwa ubaya. Nimekosa."

Kijana mmoja mwenye ndevu alinyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, kusema kweli, ule ndio mfano pekee tuliouelewa."

"Ndiyo. Mmefaidika na kitu ambacho mwenyewe hakukitoa. Ukifanya utafiti utajaribiwa hivyo hivyo, na utajiona una sababu nzuri sana. Mimi nilikuwa nayo."

Hakuna aliyepiga miayo. Safari hii Mama Siri hakuona fahari yoyote.

Wanafunzi walipotoka, mmoja alibaki karibu na dirisha. Leo alifunga kilemba cha kijani.

"Unanijua mimi nani?" aliuliza.

"Nadhani nakujua. Pole sana, mdogo wangu. Wewe pia nimekuumiza."

"Huniulizi kaka anaendeleaje?"

"Natamani mpaka naumwa. Lakini siwezi kumchungulia kupitia kwako."

"Wala humtetei? Nilidhani utanishika mkono uanze: kaka yako ni mtu mzuri, kaka yako hivi, kaka yako vile."

"Ningemtetea mpaka sauti inikauke," Mama Siri alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini kila nitakachosema ni chake. Muulize yeye. Akikujibu vibaya, mgombeze yeye."

Binti yule aliuma mdomo. "Nilikuwa namgeuza mama peke yangu, unajua? Mgongo wangu haujawahi kurudi sawa. Na kaka nikimpikia, nikisema maskini, kazi itamuua." Akachukua mkoba wake. "Nimekasirika hadi meno yananiuma." Akatoka, visigino vikigonga sakafu kwa hasira mpaka mwisho wa ukumbi.

Siku zilipita bila simu kulia. Mama Siri alifundisha, akasahihisha, akanunua juisi ya pasheni akaishia kuiacha mezani nusu glasi. Kila aliyevaa shati jeupe barabarani alimshtua moyo, na kila mmoja alikuwa mwingine.

Ilikuwa mchana, anafuta ubao baada ya kipindi, aliposikia mlango ukigongwa mara moja, kwa adabu.

Nesi alikuwa bado na sare za kazini. Alikuwa amekonda kidogo usoni. Hakuingia mpaka alipokaribishwa, kisha akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigusa meza.

"Mdogo wangu alirudi kwangu," alianza. "Alinipiga."

"Alikupiga?"

"Kwa mto wa kochi. Alinipiga mpaka pamba zikatoka. Akasema kila pigo ni siku moja ya beseni. Halafu akachoka, akaketi chini, nami nikaketi, nikamwambia yote tangu mwanzo. Kwamba niliogopa. Kwamba mama yangu alikuwa mwanamke wa nguvu na sikutaka mikono yangu ijue amekwisha. Tukalia kama watoto. Jana alinipigia kuniuliza kama nimekula."

"Namshukuru Mungu," Mama Siri alisema kwa sauti ndogo.

"Lakini usidhani kwa kuwa imeishia vizuri basi ulifanya vizuri."

"Sidhani hata kidogo. Siku ya kumwambia ilikuwa yako uichague. Nilikunyang'anya. Hata mkipatana miaka yote, hiyo sitakurudishia."

Nesi aliegemea nyuma kitini. Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli la vitabu lenye gurudumu bovu.

"Nilikuja na hotuba," alisema. "Nimeipanga tangu wodini. Nilitaka kukwambia hayo hayo uliyoyasema, kwa ukali zaidi. Sasa umenimalizia maneno."

"Niambie tu. Nastahili."

"Mdogo wangu amenisimulia ulivyosimama hapa ukakiri. Na alivyokuchokoza unizungumzie, ukakataa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nimekukasirikia sana, wewe mwanamke. Nikikaa na hasira nakukumbuka, nikikukumbuka nakasirika, nikaenda kuchoma sindano mto badala ya mgonjwa."

"Uongo!"

"Nusura. Mgonjwa aliniwahi, akahama."

Kicheko kilimtoka Mama Siri pamoja na chozi, akakifunika kwa mkono wenye vumbi la chaki, shavu likabaki na alama nyeupe. Nesi aliinuka. Alimfuta kwa kidole gumba, taratibu, kama anayefungua bandeji.

"Kuwakosea watu tutaendelea kuwakosea," alisema. "Mimi nataka kuishi na mtu ambaye akinikosea hanitafutii maneno. Nataka uwe mke wangu."

"Unanichumbia au unanisahihisha?"

"Vyote. Una alama nyingi nyekundu, lakini umefaulu."

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Itabidi tuoane ndipo nimalizie."

"Basi malizia taratibu," alisema Mama Siri, akiegemeza paji la uso kwenye kifua chake, pembeni ya ile saa. "Ndiyo. Nimekubali. Ndiyo."

Jumapili walikwenda kula chakula cha mchana kwa mdogo wake Nesi, ghorofa ya pili, nyumba yenye mapazia ya maua na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Mama Siri alikuwa amebadilisha gauni mara kadhaa mbele ya mama yake, akaishia lile la zambarau. Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha. Mwenyeji alisimama na mwiko mkononi, akamkagua mgeni kutoka nywele hadi viatu, uso haujacheka wala haujanuna.

"Karibu, wifi," alisema hatimaye.

Mama Siri alibaki kizingitini.

"Ingia, usisimame hapo, utaniletea mbu. Ila kwangu kuna sheria. Mezani kwangu mtu anasimulia habari zake mwenyewe."

"Ninazo nyingi, wifi," Mama Siri alijibu, akivua viatu. "Nianze na ipi?"

"Anza na kilichokufanya umpende huyu mwenye kichwa kigumu."

Mama Siri alifungua mdomo, kisha akasita, akamgeukia Nesi. Nesi alikuwa ameshavuta kiti na kujipakulia. Aliinua macho kutoka kwenye sahani, akawatazama wanawake wale wawili, mmoja na mwiko, mwingine na viatu mkononi, akainamisha kichwa kukubali.

Ndipo Mama Siri akaanza kusimulia.